Mpaka Iteleze Kwanza

Kwa miaka saba nilifundisha jambo lisilo kweli kuhusu mabawa ya ndege, na nililifundisha bila wasiwasi wowote. Nilikuwa nachora ubaoni ndege inayotazamwa kwa mbele, mabawa yameinuka kidogo kutoka kiwiliwilini hadi nchani, mfano wa herufi V iliyotandazwa. Pembe hiyo ya kuinuka wahandisi wanaiita daihedrali. Kisha naichora tena ikiwa imelala upande. Nawaambia wanafunzi: angalieni, bawa la chini sasa liko sambamba na ardhi, linasukuma juu kwa nguvu yake yote, bawa la juu limesimama, nguvu yake nyingi inapotelea pembeni. La chini linashinda, ndege inajirudisha. Mchoro ulipendeza, wakaunakili, tukaendelea na mada nyingine.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Moshi. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza, na mwanafunzi akishaweza kuurudia mchoro pamoja na sentensi zake mbili tatu, mambo yake yameisha. Jumamosi ni tofauti. Asubuhi tunakutana kwenye uwanja wa mpira, wanafunzi kumi hadi ishirini, tunakata fomu, lile povu gumu na jepesi la plastiki, na kurusha ndege za mfano, na huko tunaongea Kiswahili tu. Naamini swali lililonivua nguo lilizaliwa kwa sababu hiyo. Jambo ukilieleza kwa lugha unayogombana nayo na ndugu zako nyumbani, tundu lake linaonekana upesi.

Fomu tunayotumia ni ile nyeupe inayokuja ndani ya maboksi ya televisheni na friji. Wenye maduka mjini wanaitupa. Ukiwahi asubuhi wanakupa bure. Tunaikata kwa waya mwembamba uliopashwa moto na betri ya pikipiki, nje kwenye hewa, maana moshi wake si mzuri. Mifupa ya bawa ni vijiti vya mishikaki. Uzito wa pua ni nati ndogo kutoka kwa fundi baiskeli. Gundi ilitutesa mwanzoni: supaglu inaila fomu, unaweka tone unakuta shimo. Tukahamia gundi nyeupe ya maseremala, ambayo inataka usiku mzima kukauka, na kwa kweli usiku huo ulitufundisha kutokuwa na haraka ya kurusha kitu ambacho bado hatujakipima.

Ndege za kwanza tulizipa mabawa yaliyonyooka kabisa. Bawa zima lilikuwa na urefu wa sentimita 60 kutoka ncha hadi ncha, na upana wa sentimita 10. Tulizirusha kutoka ukingo wa juu wa uwanja, mahali ardhi inaposhuka kiasi cha ghorofa moja. Zilikwenda mita tano au sita vizuri, halafu bawa moja linashuka. Likishashuka halirudi. Ndege inazidi kulala, inapinda kuelekea upande uleule, pua inashuka, mwendo unaongezeka, na mwisho wake ni kwenye nyasi. Tulipolikata bawa katikati na kuliunganisha upya huku kila ncha imeinuliwa sentimita 3, kukawa na mabadiliko ambayo hata mlinzi wa shule aliacha chai yake akaja kuangalia. Ndege ileile ilivuka nusu ya uwanja ikiyumba kidogo na kujisawazisha. Sentimita 3 katika nusu bawa ya sentimita 30 ni karibu nyuzi 6.

Ndipo binti mmoja wa Kidato cha Tatu aliponifuata. Alikuwa ameishika ndege, ameilaza upande mikononi mwake.

“Mwalimu, samahani. Si ulitufundisha kwamba momenti ni nguvu mara umbali?”

“Ndiyo.”

“Na nguvu ya kila bawa inatoka wima kwa bawa lenyewe, siyo wima kwa ardhi. Umbali kutoka katikati ni uleule kushoto na kulia. Kama upepo unaoyapiga mabawa yote mawili ni mmoja, momenti zinalingana. Sasa bawa la chini linashindaje?”

Nilitaka kujibu na sikuwa na jibu. Momenti, yaani uwezo wa nguvu kugeuza kitu, ni mada ya Kidato cha Pili, nilimfundisha mwenyewe. Hesabu yake ilikuwa sahihi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndege haijui ardhi iko wapi. Mabawa yake yanajua upepo tu, na upepo ukija kwa usawa kutoka mbele, yanapata nguvu sawa hata kama ndege imelala namna gani. Nilimwambia, “Mwanangu, nipe mpaka Jumamosi ijayo.” Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, lakini chini ya ile aibu kulikuwa na furaha ambayo mwalimu huipata mara chache sana.

Wiki ile tulitengeneza kipimo. Tulipitisha spoki ya baiskeli ndani ya kiwiliwili cha ndege, kutoka puani hadi mkiani, na ncha zake tukaziegemeza kwenye vitanzi viwili vya waya vilivyopigiliwa kwenye ubao. Ndege ikawa huru kulala kushoto na kulia, lakini haiwezi kwenda mahali. Mbele yake tukaweka feni ya mezani.

Jaribio la kwanza lilituchanganya: ndege ilizunguka yenyewe kama samaki wa kubanika. Ilituchukua muda kugundua kwamba feni haitoi upepo ulionyooka. Panga zake zinausokota. Tukanunua mirija ya soda dukani kwa mangi, pakiti kadhaa, tukaipanga ndani ya boksi lililo wazi pande zote mbili, tukaliweka mbele ya feni. Upepo ukipita kwenye mirija mia kadhaa unanyooka. Jaribio la pili likatudanganya kwa namna nyingine: tuliilaza ndege, tukaachia, ikarudi wima! Wavulana wakashangilia, mchoro wangu wa ubaoni ukawa umepona. Lakini yule binti akaizima feni, akailaza tena, akaachia. Ikarudi vilevile. Spoki ilikuwa imepita juu ya kitovu cha uzito, kwa hiyo ndege ilikuwa inaning'inia tu kama mizani. Upepo haukuwa na kazi yoyote pale.

Tuliishusha spoki kidogo kidogo hadi ndege ikawa inakaa popote unapoiweka. Tukawasha feni. Tukailaza kiasi cha nyuzi 30, tukaachia.

Ikabaki imelala. Mabawa ya V, upepo umenyooka kutoka mbele, na hakuna kilichotokea. Nilimwomba mwingine aiguse, nikidhani vitanzi vimekaza. Havikuwa vimekaza.

Kisha tukaugeuza ubao kidogo ili upepo uje kutoka upande mmoja wa pua. Bawa lililokuwa upande unaotoka upepo likainuka papo hapo, kama mtu amelisukuma kwa kidole. Tukageuza upande wa pili, likainuka la upande huo. Tukabadilisha ndege, tukaweka ile yenye bawa lililonyooka: ilisitasita tu, haikufanya la maana. Tukatengeneza moja ambayo mabawa yake yameinama chini, hiyo wahandisi wanaiita anhedrali: bawa la upande wa upepo likashuka. Basi tukawa tumelipata.

Ndege ikilala upande, nguvu inayoibeba inalala pamoja nayo, ikivuta kidogo pembeni, wakati uzito unaendelea kuvuta chini moja kwa moja. Matokeo yake ndege inaanza kuteleza kuelekea bawa la chini. Aliyewahi kushuka njia za Kibosho wakati wa masika anaujua mteremko huo: unatazama mbele, miguu inakwenda pembeni. Sasa kwa ndege inayoteleza, upepo hauji tena kutoka mbele tupu. Unakuja pia kutoka upande wa bawa la chini. Bawa hilo, kwa kuwa limeinuka nchani, linauonyesha upepo huo tumbo lake. Linaukabili kwa pembe kubwa zaidi, na nguvu yake inaongezeka. Bawa la juu linauonyesha mgongo, pembe yake inapungua. Hapo ndipo momenti zinapoachana, na ndege inasimama. Pasipo kuteleza hakuna kujirudisha. Pembe ya V inasubiri kosa litokee kwanza, ndipo inafanya kazi.

Jumamosi iliyofuata niliwaambia wote kwamba nilikuwa nimewafundisha vibaya, nikachora upya. Wale waliokwisha kumaliza shule, ambao namba zao ninazo, niliwaandikia ujumbe wa simu, na mchoro mpya nikaupiga picha. Wachache walijibu. Mmoja, ambaye sasa ni fundi magari Arusha, aliandika: “Shikamoo Mwalimu. Asante. Nilikuwa namfundisha mdogo wangu kwa mchoro uleule wa zamani, leo jioni namrekebisha.” Ujumbe huo bado ninao.

Baada ya kuelewa, vijana walitaka kuongeza. Kama nyuzi 6 ni nzuri, nyuzi 15 si ndiyo bora? Nikawaacha wajaribu. Ndege ya nyuzi 15 ilipaa ikiyumba kama mtu aliyebeba ndoo mbili zisizolingana: inalala kulia huku pua ikienda kushoto, inarudi, inapitiliza, inalala kushoto huku pua ikienda kulia. Haikuanguka, lakini haikutulia hata sekunde moja. Tulipoongeza ukubwa wa pezi la mkia, lile lililosimama wima, ikatulia. Mvulana mmoja akaona basi pezi ndilo jibu la kila kitu, akatengeneza kubwa kama kiganja changu na kuirudisha V kuwa nyuzi 2. Ndege yake ilipaa imenyooka vizuri mno, halafu taratibu bila kelele ikaanza kupinda, kupinda zaidi, hadi ikaingia ardhini kwa mzunguko. Pezi kubwa linaugeuza uso wa ndege kuufuata mteremko kabla mabawa hayajapata nafasi ya kuinua. Ni mvutano wa vitu viwili: pezi likitawala ndege inajizungusha kuelekea chini, V ikitawala inayumba. Tulikata mapezi ya ukubwa tofauti kutoka sahani za fomu za chakula na kujaza daftari zima. Kurasa zile nazipenda kuliko mtihani wowote niliowahi kusahihisha.

Upepo wa Moshi nao ulichukua nafasi ya mwalimu. Asubuhi na mapema Kilimanjaro iko wazi na hewa imetulia. Jua likishapanda, hewa ya tambarare inapata joto na kuanza kupanda kuelekea mlimani, na uwanja wetu unakatwa na mawimbi ya upepo wa pembeni. Ndege ya V kali iliyokuwa nzuri saa moja asubuhi, saa sita mchana ikitupwa huku upepo unatoka ubavuni inapinduliwa mgongo chini kabla haijafika mita tatu. Kitu kilekile kinachoiokoa ikiteleza kinaiangusha upepo ukija ubavuni, kwa sababu bawa halina namna ya kujua kama ni ndege inayokwenda pembeni au ni hewa. Siku hiyo niliwasimulia habari za ndugu Wright, wale Wamarekani wawili waliorusha ndege ya kwanza yenye injini. George Cayley wa Uingereza alikuwa ameshaeleza faida ya mabawa yaliyoinuka karibu karne nzima kabla yao, na mwaka 1871 Alphonse Pénaud alirusha Paris ndege ndogo inayoendeshwa na mpira uliosokotwa, yenye ncha za mabawa zilizoinuliwa, ikajisawazisha mbele ya watu. Wright walilijua hilo. Lakini kwenye fukwe zenye upepo za Kitty Hawk, Marekani, waliona jinsi upepo wa ubavuni unavyoliinua bawa na kuivuruga ndege karibu na ardhi, na ndege yao ya mwaka 1903 mabawa yake yaliinama kidogo chini nchani. Walichagua ndege isiyojisawazisha, rubani aishike muda wote. Vijana wengi waliona Wright walikosea. Mimi sikubaliani nao. Kwa mchanga ule, na upepo ule, na safari ya mita chache juu ya ardhi, ningefanya kama wao.

Pembe nyingine, iliyotuvunjia ndege nyingi zaidi, haionekani ukiitazama ndege kwa mbele. Ni pembe ya bawa likitazamwa kwa ubavu: ukingo wa mbele umeinuka kiasi gani ukilinganisha na bawa dogo la mkia. Tulianza kwa kuweka kijiti cha milimita 5 chini ya ukingo wa mbele, ambacho kwa bawa la upana wa sentimita 10 ni karibu nyuzi 3. Ndege ilikuwa inapandisha pua, inapunguza mwendo, inasimama hewani kama imesahau jambo, inadondosha pua, inashika kasi, inapandisha tena. Vijana waliita bembea. Kile kinachotokea kileleni mwa bembea ndicho marubani wanachokiita stoli: bawa limeukabili upepo kwa pembe kubwa kupita kiasi, hewa imeshindwa kuufuata mgongo wake, na nguvu ya kubeba inaanguka ghafla. Kwa mabawa mengi ya ndege ndogo za kweli hilo hutokea yakifika nyuzi 15 hadi 18 hivi. Mabawa yetu ya fomu, madogo na ya taratibu, yalichoka mapema zaidi.

Dawa ya haraka ni kuongeza nati puani, na ndicho walichofanya. Nati moja, mbili, nne. Bembea ikaisha, na kuelea nako kukaisha. Ndege ikawa inashuka kama jiwe lililovaa mabawa. Nikawazuia nati kwa mwezi mzima. Badala yake tulikuwa tunaongeza au kupunguza vocha za simu za kukwangua chini ya ukingo wa mbele, kwa kuwa vocha kama nne hufanya milimita moja, na milimita moja ni zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Hapo walianza kuona mambo kwa macho: vocha mbili tu zinatofautisha ndege inayoelea na inayobembea.

Kuna mmoja, kijana mkimya anayetoka Rau, alitaka kuliondoa tatizo lote kwa mkupuo. Akalinganisha bawa na mkia, nyuzi sifuri, akasogeza uzito nyuma hadi ndege ikasawazika. Ilipaa kwa namna ya kupendeza kuliko zote siku hiyo. Mrusho wa tatu aliutupa ukielekea chini kidogo, na ndege ikaendelea kwenda chini, imenyooka, haipandishi pua hata chembe, ikajipigilia kwenye kona ya goli. Ile tofauti ya pembe kati ya bawa na mkia, pamoja na uzito uliokaa mbele kidogo, ndiyo inayoiambia ndege irudishe pua inaposhuka kwa kasi. Ukiiondoa, ndege inakwenda popote ulipoielekeza, hata kama ni ardhini. Niliona machozi yake na nikakaa naye kwenye nyasi tukiokota vipande. Kwa rubani wa maonyesho ndege inayokaa pale unapoiweka ni mali. Kwa mtu anayesafiri kwenda Dar mawingu yametanda, anataka ile inayojirudi.

Mara moja niliisahau ndege dirishani, jua la mchana likaipinda ncha ya bawa la kulia, ukingo wa nyuma ukashuka. Tangu hapo kila ilipobembea ilikuwa inaanguka upande wa kulia. Ncha ile ilikuwa inaukabili upepo kwa pembe kubwa kuliko mwili wa bawa, kwa hiyo ndiyo ilistoli kwanza, na bawa likistoli nchani linadondoka lote. Tulichojifunza tukakigeuza: kwa mvuke wa birika tulizipinda ncha zote mbili upande wa pili, zikaukabili upepo kwa pembe ndogo kidogo kuliko sehemu ya karibu na kiwiliwili. Ndege ikawa inastoli kwa adabu, inainamisha pua tu. Baadaye niligundua kwamba ndege ndogo ya Cessna 172 imetengenezwa hivyohivyo; bawa lake limesokotwa nyuzi 3 kati ya shina na ncha, ili shina lichoke kwanza na rubani abaki na uwezo wa kulitawala bawa.

Nilipanda ndege ndogo ya aina hiyo kwa mwaliko wa mzazi mmoja ambaye ni rubani. Tuliondoka uwanja wa ndege wa Moshi asubuhi, mimi nimeketi kiti cha mbele kando yake. Kabla ya kupanda nilisimama mbele ya pua na kipimapembe changu cha plastiki kama mtu anayepima nyumba.

“Kapteni, mbona hizi zimeinuka kidogo hivi? Hata nyuzi 2 hazifiki.”

“Mwalimu, angalia mabawa yako wapi.”

Yako juu ya kiwiliwili. Ndege ya mabawa ya juu ikiteleza, hewa inayotoka ubavuni inagonga kiwiliwili na sehemu yake kulazimika kupanda, pale pale kwenye shina la bawa la upande huo, ikiliinua. Kiwiliwili kinafanya kazi ya V. Kwa ndege ya mabawa ya chini hewa hiyohiyo inafanya kinyume, kwa hiyo mhandisi analazimika kuyainua zaidi: Piper Cherokee ina nyuzi 7, Boeing 737 ina 6. Na mabawa yaliyorudi nyuma, kama ya jeti zinazotua KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, nayo yanaongeza tabia hiyohiyo, kwa kuwa ndege ikiteleza bawa la upande wa upepo linaukabili upepo likiwa limenyooka zaidi kuliko mwenzake. Ndiyo maana lile dubwana la mizigo, Antonov An-124, lenye mabawa ya juu na tena yaliyorudi nyuma, mabawa yake yameinama chini. Lingekuwa limetulia kupita kiasi, halimsikii rubani.

Angani, juu ya mashamba ya miwa ya kusini mwa mji, rubani aliachia usukani wa mkono akabaki na miguu. Alikanyaga kidogo kulia. Pua ikaenda kulia, na sekunde moja baadaye bawa la kushoto likainuka lenyewe, ndege ikalala kulia na kuanza kupinda. Hakugusa chochote kingine. Ule ubao wetu na feni na mirija ya soda, nilikuwa nimekaa ndani yake. Alipoinyoosha, akailaza kidogo sana na kuachia, ikarudi taratibu. Akailaza zaidi, kiasi cha nyuzi 40, akaachia. Haikurudi, ilianza kukaza mzunguko na pua kushuka, akairudisha mwenyewe. “Usiwadanganye wanafunzi kwamba inarudi kila mara,” aliniambia. Kisha akapunguza moto, akapandisha pua hadi honi ya stoli ikalia, ili nisikie. Akanieleza kwamba ukiwa umelala nyuzi 60 na hutaki kushuka, bawa linabeba uzito mara mbili, na stoli inakuja kwa mwendo uliozidi ule wa kawaida kwa asilimia 41. Kwa hiyo anayeutazama mwendo peke yake anaweza kustoli huku akidhani ana kasi ya kutosha. Kinachoamua ni pembe.

Sijawahi kushuka ndege nikiwa na haraka ya kufika darasani namna ile.

Muhula uliopita tuliwapeleka wanafunzi Tarangire. Karibu na mto basi lilisimama kwa ajili ya tembo, na kila mtu alikuwa upande wa kushoto akipiga picha. Yule binti wa swali, sasa Kidato cha Nne, alikuwa upande wa kulia peke yake, kichwa nje ya dirisha. Akaniita. Juu ya miti kulikuwa na tai pungu, yule mwenye uso mwekundu na mkia mfupi ambao karibu haupo, miguu inachomoza nyuma yake. Mabawa ameyashika juu, V iliyo wazi, hapigi hata mara moja. Na alikuwa anayumba: kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayetembea juu ya kamba.

“Mwalimu,” alisema, hajamwondolea macho, “V kubwa, pezi hana.”

Tulimtazama hadi akapotea nyuma ya mibuyu. Tulipokaa akachukua daftari, akakata mstari chini ya vipimo vya mwisho, na kuanza kuchora ndege isiyo na mkia.